Sura ya Tisa: Sentimita Tatu na Nusu

Simu ya mkemia ilimkuta Inspekta Rogathe Mmbaga akigombana na kiti chake. Kilikuwa na miguu mitatu mizima na wa nne wa kuazima, na kila aliposahau kuegemea kushoto kilimkumbusha. Mbele yake kulikuwa na chai iliyopoa, faili la Irene, na muda wa kufikia kesho saa tatu asubuhi. Saa hiyo Dorkasi, mwenye duka la dawa za mifugo pale mjini Same, angepandishwa mahakamani kusomewa shtaka la kumuua Irene, msichana wake wa kazi. Shtaka la kuua halina dhamana. Anayeingia kwa mlango huo huhesabu miaka kabla ya kuuona mwingine.

"Afande, majibu ya nywele yametoka," alisema Habibu kutoka maabara, Dar es Salaam.

"Nipe taratibu, baba. Kemia niliiacha kidato cha pili, na yenyewe haikunililia."

Habibu alicheka kidogo, kisha akaanza. Nywele za marehemu zilikuwa na urefu wa sentimita kumi. Alizikata vipande vya sentimita mojamoja, kwa sababu nywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, za kwetu mara nyingi pungufu kidogo. Kila kipande kilioshwa kwanza, ili kilichopakaa kwa nje tu kisihesabiwe. Halafu alitafuta dawa mbili za kuua vijidudu, zile zinazotiwa kwenye sabuni za kila siku.

"Moja inaitwa traiklosani, nyingine traiklokabani."

"Hao si mabeki wa Brazili?"

"Afande."

"Endelea, naandika."

"Ya kwanza utaikuta zaidi kwenye sabuni za maji, ya pili kwenye sabuni za kipande. Mtu akijisugua nazo kila siku, kiasi kinapita kwenye ngozi kinaingia damuni. Damu inalisha nywele, na nywele zinakaa nacho. Sasa sikiliza. Sentimita mbili za nchani, yaani zile za zamani, karibu hakuna kitu. Zinazofuata, sentimita sita nzima, kuna ile ya maji. Nyingi. Sijawahi kuona kiasi hicho kwa mtu ambaye si daktari wa upasuaji."

Rogathe aliandika sita, akaizungushia duara. Irene alianza kazi kwa Dorkasi mwezi wa tisa mwaka jana, na Dorkasi mwenyewe alisema aliondoka tarehe kumi ya mwezi wa tatu. Miezi sita. Majirani walikuwa wameshamsimulia, tena kwa kucheka, kwamba tangu mambo ya korona nyumba ile ina chupa ya sabuni ya maji getini, nyingine mlango wa jikoni, nyingine chooni, na kwamba hata kuku wangekuwa na mikono wangenawishwa.

"Basi ni yeye," alisema.

"Sijamaliza. Sentimita mbili za mwisho, zile zinazogusa ngozi ya kichwa. Ile ya maji imekatika ghafla. Mahali pake kuna ile ya kipande."

Rogathe alisahau kuegemea kushoto. Kiti kikamkumbusha.

"Maana yake nini?"

"Maana yake miezi miwili ya mwisho ya uhai wake alikuwa anaogea sabuni nyingine. Ama huyo mama alibadilisha sabuni, ama msichana alibadilisha nyumba. Na usinisemee mahakamani nisichosema: nywele zinakwambia mtu alioga nini. Nani alimvunja kichwa, hazijui."

"Unataka nini tena?"

"Nywele za mtu wa kwao. Mama yake, kama anaruhusu. Unene wa penseli, kisogoni, ukate karibu kabisa na ngozi, ufunge uzi upande wa mzizi. Halafu upime urefu, uandike kwenye fomu. Nataka kujua kwao wanaogea nini."

Alipokata simu, Rogathe alifungua faili akalisoma upya kama mtu asiyelijua. Irene, miaka kumi na tisa. Mabaki yake yaliokotwa katikati ya mwezi wa saba na wachimbaji wa jasi, yale mawe meupe ya kutengenezea saruji, ndani ya shimo la zamani huko Makanya, shimo lililokatazwa kuchimbwa tangu mwaka juzi. Fuvu limepasuka kwa nyuma. Vinasaba vikalingana na vya mama mzazi, na familia ikazika mwanzoni mwa mwezi wa nane. Tuhuma zikamwendea Dorkasi zenyewe: majirani waliwahi kumsikia akimpiga binti kwa mwiko, naye ndiye mtu wa mwisho aliyekiri kumwona.

Chini kabisa lilikuwapo lile karatasi la mwezi wa sita, la mama yake Irene kuripoti kupotea kwa mwanawe. Alikuja kituoni mara tatu. Mara zote tatu alisema maneno yaleyale, na karani akayaandika yaleyale: *Mtafuteni huko tambarare. Nahisi yuko Makanya.* Siku zile Rogathe aliyasoma akasema moyoni kuwa mama ni mama.

Aliinuka, akakiacha kiti kianguke chenyewe.

---

Dorkasi alikuwa amekaa mahabusu juu ya khanga yake, magoti pamoja, asiguse ukuta. Mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, na mikono imemtoka magamba kwa kunawa.

"Umekuja kunicheka?" aliuliza.

"Kucheka nacheka bure popote, sihitaji kuja huku. Nimekuja kuuliza habari za sabuni."

"Hata nyinyi mmekumbuka sabuni? Hapa nimeomba chupa yangu tangu jana mmeninyima. Mtaniua kwa vijidudu, halafu mniulize nani kaniua."

"Toka mwezi wa tatu umebadilisha sabuni nyumbani kwako?"

"Nibadilishe kwa nini? Miaka mitano ni ileile. Kamuulize hata anayeniuzia."

"Ya kipande hutumii?"

Dorkasi alimtazama kama aliyeulizwa iwapo anakunywa maji ya mtaroni. "Kipande anashika huyu, anashika yule. Kwangu kipande hakiingii."

Rogathe aliandika. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Ulimpiga Irene?"

Dorkasi aliinyoosha pembe ya khanga iliyojikunja.

"Nilimpiga. Mara mbili. Mwiko." Dorkasi alizitazama kucha zake. "Alikuwa mtoto mzuri, sijui kwa nini nilimpiga. Ndiyo, najua. Alikuwa anacheka peke yake, na mimi sikumzoea mtu anayecheka nyumbani mwangu. Mara ya pili ndiyo akafunga begi lake. Alifunga geti polepole, kama mtu anayekwenda kununua chumvi. Afadhali angelibamiza."

"Alisema anakwenda wapi?"

"Kwa watu wangu, alisema."

"Hakusema kwa mama?"

"Mimi nakwambia alivyosema." Halafu akaongeza kwa sauti ndogo ambayo Rogathe hakuwahi kuisikia kwake. "Kunawa nilimfundisha vizuri. Mpaka kwenye kiwiko, hesabu ishirini. Hata nisipokuwepo alikuwa anahesabu. Nilimsikia dirishani siku moja. Anahesabu kwa wimbo."

Rogathe alitoka. Kwa miaka ishirini na mbili ya kazi alikuwa amejifunza kwamba mtu mbaya na mtu mwenye hatia huweza kukaa chumba kimoja wasijuane. Na leo alikuwa na nusu siku ya kumtafuta yule wa pili.

---

Konstebo Paschal ndiye aliyeendesha. Kijana huyu wa kijiji cha Bendera alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kukaa na habari kifuani zaidi ya kilomita tatu.

"Afande, hivi kweli tunamchomoa yule mama? Mji mzima utatuzomea."

"Mji ukizomea wewe piga honi. Nieleze habari za mazishi. Ulikwenda, mimi nilikuwa Moshi kwenye kesi."

"Mazishi yalikuwa mazuri. Kwaya mbili. Jeneza likaletwa limeshafungwa." Paschal alipunguza mwendo kumpisha ng'ombe wa Kimaasai. "Ila kuna jambo watu walilisema sana. Siku ya kunyoa, familia yote ilinyolewa. Mashangazi, binamu, hata yule kaka yake Irene, Shedrack, alinyolewa kipara kikang'aa. Mama mzazi akakataa."

"Akakataa vipi?"

"Walimfuata na wembe na beseni la maji, akashika kilemba kwa mikono miwili, akasema sitaki. Mashemeji wakambembeleza. Mchungaji akasema mwacheni, kunyoa siyo sheria ya kanisa. Watu wakasema masikini, hajaamini kwamba mtoto amekufa. Wengine wakasema amechanganyikiwa."

"Na wewe ulisemaje?"

"Mimi nilikuwa nakula, afande."

Walikata kona kuingia Makanya. Vumbi la jasi lilikuwa limepaka kila kitu pembeni mwa reli: mapaa, majani ya minyaa, migongo ya mbuzi, hata matairi yaliyotupwa, kana kwamba mtu amepita na gunia la unga lililotoboka. Rogathe alimwambia asimame kwenye kibanda kimoja cha duka. Alinunua maji, akaangalia rafu.

"Sabuni ya kuogea unayo, mdogo wangu?"

"Ipo hii nyekundu tu ya kipande," alisema muuzaji. "Ya dawa. Vumbi hili likikaa mwilini linawasha, wachimbaji hawaogei kingine."

Rogathe alinunua kipande kimoja, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akakiandika tarehe. Paschal alimtazama kwenye kioo, akafungua mdomo, akaufunga. Ikawa safari yake ya kwanza kuvuka kilomita tatu.

Gari likaanza kupanda kuelekea Suji, kwao Irene. Joto la tambarare lilibaki nyuma kona baada ya kona, ukaja ubaridi wenye harufu ya migomba na moshi wa kuni. Chini ya kanisa Rogathe alimwambia Paschal asimame hapo, alaze kiti, na asimpigie mtu yeyote simu, hata mchumba.

"Sina mchumba, afande."

"Ndiyo maana nimekuamini."

---

Kaanaeli, mama yake Irene, alikuwa uani, akichochea kuni chini ya sufuria la makande. Mwanamke wa miaka sitini, mfupi, mgongo umenyooka, kilemba cheusi kimefungwa mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umepanda peke yako?"

"Gari limechoka, nimeliacha kanisani likatubu."

Kaanaeli alitabasamu kwa adabu, akamletea kigoda. Rogathe alimweleza kwa maneno mepesi: maabara wanataka nywele chache za mtu wa nyumbani, walinganishe na za Irene, wajue alikuwa anaogea nini na alikuwa wapi. Hakusema zaidi. Mama aliitikia kila sentensi kwa kichwa, mwiko mkononi, kama anayeelekezwa njia.

"Nyumbani hapa mnaogea nini, mama?"

"Hii hii ya mche, ya kufulia." Alionyesha jiwe la kunawia lililokuwa kando ya migomba. Juu yake palikuwa na kipande cha sabuni ya bluu, kimeliwa na jua. "Ngozi ya mlimani haina makuu."

Rogathe alikwenda kunawa. Kwenye mti wa nyuma ya jiwe kulikuwa na kopo lililotobolewa matundu, limening'inizwa kwa waya. Ndani yake, kipande cha sabuni nyekundu.

"Na hii?"

"Hiyo ya Shedrack. Anakuja nayo toka Makanya. Vumbi la jasi linamwasha."

"Anachimba siku nyingi?"

"Mwaka wa tatu huu."

Rogathe alijifuta mikono kwa sketi. *Kwa watu wangu*, alisema Irene getini. Mtu mwenye mama tu angesema kwa mama. Mwenye mama mlimani na kaka tambarare angesema kama alivyosema Irene, kisha angeshuka pale anapotaka mwenyewe.

Akarudi kwenye kigoda, akafungua begi. Mkasi mdogo, uzi, bahasha, rula ya wanafunzi, fomu.

"Naomba uvue kilemba, mama. Nitakata kidogo tu, hata kunguru hatajua."

Kaanaeli hakusogea. Moto ulipasua ukuni, cheche ikaruka ikafia kwenye majivu. Kisha mama alinyoosha mikono nyuma, akafungua fundo, akaweka kilemba magotini.

Nywele zilikuwa mvi, fupi, zimekaa sawa kichwa kizima. Rogathe alipita nyuma yake. Alijikuta anaziangalia muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Hapakuwa na ndefu wala fupi. Zote zilianza safari siku moja. Akachukua kishungi kidogo kisogoni, akakinyoosha taratibu, akaweka rula.

Sentimita tatu na nusu.

Alipima tena. Alipima upande wa sikio. Tatu na nusu.

Mazishi yalikuwa na wiki sita. Nywele zilizonyolewa mazishini zingekuwa kama sentimita moja na nusu, zile za Shedrack zingekuwa hapo. Mama huyu hakunyolewa mazishini, watu wote waliona. Basi zingepaswa kuwa ndefu, nywele za mtu ambaye hajaguswa na wembe. Rogathe aliinua macho. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliiona picha ukutani, kinamama wa kwaya mbele ya kanisa, na maandishi ya dhahabu chini: Pasaka, na mwaka, mwaka huuhuu. Kaanaeli alikuwa wa pili kutoka kushoto, bila kilemba, na mvi zake zimesukwa mistari mpaka shingoni.

Pasaka ilikuwa mwezi wa nne. Hesabu ya Habibu, pungufu kidogo kwa nywele za kwetu, ilirudi nyuma miezi minne ikasimama. Katikati ya mwezi wa tano. Sentimita mbili za Irene nazo, ukihesabu kwenda mbele tangu siku alipofunga geti polepole, zilisimama palepale.

Rogathe mwenyewe alishanyolewa mara mbili. Mara ya kwanza kwa mume. Mara ya pili kwa mtu aliyeishi siku kumi na moja. Hakuna aliyemwambia anyoe ile ya pili. Alinyoa mwenyewe, chooni, kwa wembe wa kuchongea penseli.

Alizunguka mbele, akakaa.

"Mama. Ulinyoa mwezi wa tano."

Kaanaeli alikuwa anakunja kilemba, pembe kwa pembe.

"Mwezi wa sita ulikuja kituoni kwetu ukasema mtoto amepotea," alisema Rogathe. "Mwezi wa tano ulikuwa umeshamlilia."

"Wewe Mpare?"

"Wa Usangi."

"Sijui kwenu. Kwetu, ukoo huu, mtu hanyolewi mara mbili kwa maiti mmoja." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeeleza namna ya kuloweka maharage. "Walivyokuja na beseni siku ile, ningesemaje? Ningekaa kimya wanipitishie wembe, ningekuwa nimemuua mwanangu mara ya pili. Nikasema sitaki. Wakasema nimechanganyikiwa. Nikaona hilo naweza kulibeba."

"Nani alikuletea habari?"

Kaanaeli alitazama lile kopo la matundu.

"Mama, sabuni ya nywele za Irene, miezi miwili ya mwisho, ni ile nyekundu. Alikuwa kwa kaka yake."

"Aliona haya kuja huku," alisema Kaanaeli. "Ametoka mjini mikono mitupu, amepigwa. Akasema akae kwa Shedrack mpaka uso upone, mpaka apate hata kilo ya sukari ya kuja nayo kwangu. Alikuwa anampikia, na kumchekechea jasi. Mimi nilijua yuko wapi, nilikuwa na raha. Siku ile Shedrack alikuja hapa alfajiri. Amejaa lile vumbi mpaka kwenye kope. Nikaona anatoka machozi na vumbi linageuka uji usoni, nikajua kabla hajafungua kinywa."

"Shimo lilibomoka."

"Ukuta wote. Alikuwa amemwita ashuke amshikie taa. Shimo limekatazwa, yeye ndiye aliyemwita. Alimfukua kwa mikono. Kucha hana mpaka leo, utaziona. Alivyomfikia, kichwa..." Aliinua mkono akaugusa upande wa nyuma wa kichwa chake mwenyewe, akauacha hapo. "Akaogopa. Akamrudishia udongo, akaja kwangu."

"Na wewe ukanyamaza."

"Asubuhi ile niliamka na watoto wawili, afande. Mpaka chai inachemka ninaye mmoja. Ningekuja kwenu, ningerudi na wangapi?"

Rogathe aliiweka rula juu ya fomu, akailaza sawa na ukingo.

"Lakini sikuweza kulala naye yuko shimoni kama mbuzi," alisema Kaanaeli. "Ndiyo nikaja. Nikawaambia Makanya. Nikawaambia tena Makanya."

"Mara tatu."

"Mara ya nne ningewachorea ramani."

Wote wawili walikaribia kucheka. Kitu kilipita kwenye uso wa mama, kikavunjika kabla ya kufika mdomoni, na machozi yakaanza kushuka bila sauti, yakifuata mikunjo kana kwamba yanaijua njia.

"Dorkasi yuko ndani," alisema Rogathe.

"Yule alimpiga mwanangu."

"Alimpiga. Kesho asubuhi wanamsomea kuua."

"Nilijua mtamwachia. Nilisema serikali ina mashine."

"Mashine ilisema sabuni tu, mama. Iliyobaki umeisema wewe."

Kaanaeli alijifuta uso kwa kile kilemba. Chini kabisa, mahali barabara inapoanza kupanda, ulisikika mlio wa pikipiki, ukapotea kwenye kona, ukarudi.

"Ni yeye," alisema. "Alhamisi huwa anakuja kula. Mwache ale."

"Atakula."

"Watamfunga miaka mingi?"

"Aeleze mwenyewe, yote, bila kuulizwa mara mbili. Mimi nitaandika kila alichoeleza, na zile kucha nitaziandika. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi kitu."

Mama aliitikia kwa kichwa. Halafu akachukua mkasi kutoka kwenye goti la Rogathe, akaugeuza, akamkabidhi kwa upande wa mpini.

"Ninyoe."

"Umesema mtu hanyolewi mara mbili."

"Kwa maiti mmoja." Aliinamisha kichwa. "Hizi ni za Shedrack."

Pikipiki ilikuwa imefika kwenye kona ya kanisa. Rogathe alisimama nyuma ya yule mama, mkasi mkononi, na kwa muda mkono wake haukuwa wa kazi yoyote. Kisha alikata kile kishungi cha kisogoni alichoombwa na maabara, unene wa penseli, akafunga uzi upande wa mzizi, akakitia kwenye bahasha. Akajaza fomu. Mahali pa urefu aliandika *3.5*, wino ukagoma, akaandika tena juu yake. Mkasi akaurudisha ndani ya begi, akafunga zipu.

"Shedrack yuko hai, mama. Hizo zilizobaki ziache ziote. Siku akirudi azikute zimefika mgongoni."

Kaanaeli hakufunga tena kilemba. Aliinuka akaenda kuchota makande.

Shedrack aliingia uani akiwa na mfuko wa unga begani, kijana mrefu mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi na nywele fupi za wiki sita. "Shikamoo mama," alisema. Akamwona mgeni, akasema shikamoo tena. Kisha akakiona kichwa cha mama yake wazi, na bahasha juu ya kigoda. Mfuko wa unga ulishuka polepole mpaka chini. Hakukimbia. Alisimama tu, kama mtu aliyetua mzigo na bado mgongo haujapata habari.

"Karibu ule, baba," alisema Kaanaeli. Sahani ilikuwa mikononi mwake. "Huyu mama atasubiri."

Shedrack alikwenda kwenye jiwe. Alitoa sabuni nyekundu kwenye kopo, akamimina maji, akaanza kunawa. Alisugua viganja, akasugua kati ya vidole, vile vidole vyenye ncha laini zisizo na kucha. Akapanda kwenye kifundo, akapanda zaidi, mpaka kwenye viwiko vyote viwili, midomo ikicheza kidogo. Rogathe aligundua kwamba yeye mwenyewe pia anahesabu. Kumi na saba. Kumi na nane.

Kwenye ishirini kijana aliacha.

"Nani alikufundisha kunawa hivyo?" aliuliza Rogathe.

Shedrack aliitazama mikono yake iliyokuwa ikichuruzika.

"Mdogo wangu," alisema. "Alikuwa hanipi sahani mpaka nifike kwenye kiwiko."